Wattie wa Duara la Nje

Kila nikimwambia mtu kwamba naendesha treni ya chini ya ardhi hapa Glasgow, ananiuliza swali lile lile: mwisho wa reli ni wapi? Hakuna mwisho, bwana. Reli yetu ni duara. Unatoka Govan, unazunguka, unarudi Govan, na kabla hujakohoa umeshatoka tena. Treni za Duara la Nje zinakwenda kwa mwendo wa saa, za Duara la Ndani zinakwenda kinyume cha saa, na basi. Ukisinzia ndani ya treni yangu huwezi kupotelea mbali, utaamka tu umechelewa kazini. Wapo wanaosinzia makusudi, hasa Januari, kwa sababu kule chini kuna joto na mvua haifiki.

Mimi naitwa Senga Pettigrew na Duara la Ndani ni langu. Lakini leo sijisemei mimi. Namsema Wattie Lapsley wa Duara la Nje, mtu niliyefanya naye kazi utu uzima wangu wote, ninayempenda kama kaka, na ambaye mara nyingi nimetamani kumzaba kofi.

Kazi yenyewe haina makuu. Treni zetu ni ndogo, mtu mrefu akisimama wima anabusu dari. Unakaa kwenye kijichumba chako mbele, unafunga milango, unabonyeza vitufe, unatangaza kituo kinachofuata, unaingia gizani, unatokea kwenye mwanga, unafungua milango. Abiria wa asubuhi wananukia sabuni, wa jioni wananukia chipsi na siki. Jumamosi wanakuja wanafunzi waliovaa kama ng'ombe na maharamia, wanashuka kila kituo kunywa bia moja moja, na wakishavuka nusu ya duara wanamwita kila mtu mama, hata Wattie. Siku za mpira ndiyo usiseme. Saa nyingine zote uko peke yako na giza na chupa yako ya chai. Ukiondoka nyumbani umegombana na mtu, ugomvi huo utazunguka nao siku nzima, maana hauna pa kushukia.

Ndiyo maana kupishana ni jambo kubwa kwetu. Vituo vyetu vingi vina jukwaa moja katikati, treni yake upande huu na yangu upande ule, na kila mzunguko lazima tukutane mahali. Tukikutana, Wattie anagonga kofia yake mara mbili kwa kidole, na mimi namtolea ulimi. Sikumbuki tulianzaje. Najua tu hatujawahi kuacha. Hata siku niliporudi kazini baada ya kumzika mama yangu, uso umevimba, Wattie aligonga kofia pale Kelvinbridge, nami nikamtolea ulimi huku machozi yananitoka. Abiria mmoja alidhani nimemtolea yeye, akaniandikia malalamiko.

Sasa, huyu Wattie na Duara lake la Nje. Kwa kawaida dereva anapangiwa popote, leo nje, kesho ndani. Wattie hakutaka. Kila alipopangiwa ndani alinijia na sura ya mtoto aliyevunja sahani, na biskuti za karameli mfukoni.

"Senga, dada yangu, tubadilishane."

"Una nini na Duara la Ndani wewe?"

"Linanivuruga."

"Linakuvuruga wapi?"

"Tumboni."

Biskuti za karameli siwezi kuzikataa, ndivyo nilivyoumbwa. Nikabadilishana naye wiki hii, nikabadilishana naye wiki ile, miaka ikaenda, mwisho hata msimamizi akaacha kuuliza. Wattie akawa wa nje, Senga wa ndani.

Mwili nao si mjinga. Ukiuzungusha upande mmoja miaka yote hiyo, unajikunja. Mafundi wa karakana wanalijua hilo: magurudumu yakizunguka upande mmoja tu yanalika upande mmoja, basi kuna wakati wanaligeuza behewa zima ili lilike na upande wa pili. Wattie hakuna aliyemgeuza. Chai anaikoroga kwa mwendo wa saa tu, ukimwambia akoroge kinyume anaimwaga. Nyumbani kwao Partick, duka la mikate liko hatua chache kushoto kwa mlango. Wattie anatokea kulia, anazunguka mtaa mzima, na anafika dukani akiwa ameloa chapachapa. Ukimuuliza anakwambia kurudi ni karibu sana. Walipokwenda likizo Uhispania, ambako magari yanashika upande wa kulia na mizunguko ya barabarani inazungukwa kinyume na kwetu, alifika kwenye mzunguko wa kwanza, akasimamisha gari, akashuka, akampa mkewe Rhona funguo, akaenda kukaa kiti cha nyuma na masanduku.

Yote hayo tulikuwa tunayacheka. Ambalo halikuchekesha ni ngoma.

Harusi ya kwetu haiishi bila ngoma ya watatu-watatu. Watu watatu wanasimama wakitazamana na wengine watatu, sita hao wanashikana mikono duara, wanazunguka kwa mwendo wa saa, halafu wanageuka wote pamoja na kuzunguka kinyume mpaka walipoanzia. Kuna madoido mengine katikati, lakini kiini chake ni hicho, na watoto wa shule wanakijua. Kwenye harusi ya binamu yake Rhona, watano waligeuka, Wattie hakugeuka. Na Wattie ana kilo zake. Aliendelea kwa mwendo wa saa akiwaburuta wenzake, mmoja akamponyoka, naye ni bibi yake bwana harusi, akatua kwa makalio kwenye bakuli kubwa la jeli na maziwa. Bibi hakuumia, aliomba kijiko tu. Lakini habari ilienea mji mzima.

Basi, Jumapili moja niko kwa Wattie na Rhona nakula, na Morven, binti yao wa pekee, yupo. Morven alikuwa anaolewa na Fergus Tulloch, kijana mpole kutoka Edinburgh. Taabu haikuwa Fergus. Taabu ilikuwa mama yake, Bi Honor Tulloch, mwalimu wa ngoma na mwamuzi wa mashindano ya ngoma, mwanamke ambaye shingo yake haipindi hata akinywa supu. Na ilishapangwa kwamba maharusi wakishafungua ukumbi, ngoma ya kwanza ya watu wote itakuwa ya watatu-watatu: baba wa bibi harusi katikati ya mkewe na binti yake, wakitazamana na upande wa bwana harusi.

"Baba," Morven akasema, macho kwenye kikopo cha chumvi, "ile ngoma ya kwanza atasimama mjomba."

"Badala ya nani?"

"Badala yako."

"Mimi nitakuwa wapi?"

"Utakaa, baba. Kuna viti vizuri kule yanakotundikwa makoti."

Rhona akaacha kutafuna. Wattie akasema, "Sawa, mwanangu," akachukua kijiko, akaanza kukoroga chai. Alikoroga mpaka ikapoa. Hakuwa ameitia hata sukari.

Niliumia. Na mimi nikiumia kwa ajili ya mtu, huruma yangu inatoka na matusi. Aliponisindikiza mlangoni nikamvaa.

"Wattie, wewe mtu mzima ovyo. Unakubali kuwekwa na makoti kwenye harusi ya mwanao?"

"Nifanyeje, Senga? Nimekalisha bibi wa watu kwenye jeli."

"Ungemkatalia."

"Nimkatalie nini, na anayosema ni kweli?" Akasimama pale mlangoni, mvua inamnyeshea, hana habari nayo. "Unajua alipokuwa mdogo alikuwa halali mpaka nimtajie vituo. Nikitoka zamu nakaa kitandani kwake na buti zangu. Govan, Partick, Kelvinhall, Hillhead, naendelea hivyo, tukifika Ibrox ameshalala. Alipoanza ujeuri akawa ananijibu kinyume. Govan, Ibrox, Cessnock. Anacheka mpaka anapaliwa, mimi nimeziba masikio."

"Masikio, Wattie?"

"Yalikuwa yananivuruga tumboni." Akafuta uso kwa mkono. "Nataka nizunguke na mwanangu mara moja tu, Senga. Kwenda na kurudi. Halafu wanipeleke kwenye makoti, nitakwenda mwenyewe."

Nikamtazama. Nikawakumbuka mafundi wa karakana na mabehewa yao.

"Utageuzwa," nikamwambia.

"Nini?"

"Kuanzia kesho wewe unaendesha Ndani, mimi Nje, mpaka siku ya harusi. Ulivyojikunja ndivyo utakavyojikunjua. Na biskuti utaleta vile vile."

Siku ya kwanza nilidhani nimemuua. Alitoka Govan kwenye Duara la Ndani, treni inaelekea Ibrox, akashika kipaza sauti na kutangaza kwa heshima zote, "Kituo kinachofuata ni Partick." Abiria wa Glasgow hawakuachii kitu kama hicho. Treni nzima ilimjibu.

"Ibrox, wewe baba."

"Hebu mvalisheni miwani."

"Partick umeiacha nyuma, mjomba, imekusalimia."

Akafika Ibrox, akatangaza Govan. Wakamwambia Cessnock. Akatangaza Kelvinhall, nadhani kwa kukata tamaa tu. Bibi mmoja mwenye kifuko cha kufumia alikwenda mpaka kwenye mlango wake, akagonga kwa sindano ya kufumia.

"Kijana, mimi nakwenda Kinning Park. Wewe unakwenda wapi?"

"Hata mimi sijui, mama."

"Basi endesha taratibu," bibi akasema, akarudi kukaa.

Alishuka Govan ana rangi ya supu ya njegere. Alikaa kwenye chumba cha chai, kichwa kati ya magoti, na kila aliyepita alimpa ushauri. Mmoja alimwambia anyonye limau. Mwingine alimwambia aendeshe huku amegeuza kiti. Mimi nilimwambia kesho saa ile ile.

Na mimi je, mnauliza? Mimi nilikuwa Nje, na asubuhi moja nikamwaga chai nikiikoroga. Sikumwambia mtu. Heshima ni heshima.

Katikati ya wiki tulipishana pale Bridge Street. Akagonga kofia, nikatoa ulimi, na nikaona ana rangi ya binadamu. Wakati wa chai akanivuta pembeni.

"Senga, nimegundua kitu. Nikitaja kituo kwa sauti kabla sijaondoka, na nikakitaja sawasawa, tumbo linatulia. Mwili unakubali. Nikinyamaza unageuka wenyewe."

"Kwa hiyo unakwenda ukitaja?"

"Natangaza. Si ndiyo kazi?"

Nikampigia simu Rhona aje. Tukasogeza meza za chumba cha chai, tukachukua fagio tatu za pamba za kupigia deki, tukaziegemeza kwenye viti, tukashikana mikono sote sita: mimi, Wattie, Rhona, na bibi fagio watatu. Nilipiga ngoma kwa mdomo. Kwa mwendo wa saa, Wattie alikwenda vizuri, hilo halikuwa tatizo. Ikafika kugeuka.

"Taja," nikamwambia.

"Govan," akasema, akageuka. "Ibrox. Cessnock. Kinning Park." Na miguu hiyo, jamani, ikakanyaga kinyume cha saa, hatua kwa hatua, mpaka tulipoanzia. Rhona alikaa chini akalia. Mimi nilipiga makofi nikaangusha fagio. Msimamizi alifungua mlango, akatuona tulivyo, watatu wenye vichwa vya nywele na watatu wenye vichwa vya pamba, akaufunga taratibu na hajawahi kuuliza mpaka leo.

Rhona akamleta Morven aone. Morven alisimama pale mlangoni na koti lake, akamwangalia baba yake akicheza na fagio na kutaja vituo, akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akawa makini.

"Haya, baba. Tutacheza. Lakini si kwa kutaja vituo."

"Kwa nini?"

"Mbele ya mama yake Fergus? Mbele ya wale watu wote wa Edinburgh? Nitakufa kwa aibu. Watasema baba yangu kichwa kimeruka."

"Nitataja moyoni," Wattie akasema.

"Moyoni kabisa?"

"Midomo imefungwa, mwanangu."

"Na ukivuruga mara ya kwanza tu, unatoka, mjomba anaingia. Nakuomba usije ukanikasirikia."

"Sitakukasirikia."

Nilitaka kusema neno. Rhona alinikanyaga.

Siku zilizobaki alifanya mazoezi ya moyoni, na sitasema uongo, hayakuwa mazuri. Siku nyingine aligeuka, siku nyingine alimburuta bibi fagio mpaka kwenye sinki. "Siku yenyewe nitaweza," alikuwa akisema. Sikuwa na hakika. Lakini alikuwa amechana nywele zake vizuri na amepeleka sketi yake ya miraba, vazi la harusi la wanaume wa kwetu, kusafishwa, na mtu aliyefika hapo humwambii kitu.

Jumamosi ikafika. Kanisani hakukuwa na neno. Ukumbini Partick tulikula pai ya nyama, tukasikiliza hotuba, bwana harusi akalia, baba yake akalia, Bi Tulloch hakulia. Maharusi wakafungua ukumbi kwa ngoma yao ya wawili. Kisha mpiga kodiani akatangaza ya watatu-watatu, na watu wakamiminika, wakajipanga watatu kwa watatu kuzunguka ukumbi mzima.

Wattie akasimama katikati, Rhona kulia, Morven kushoto na gauni lake jeupe. Mbele yao akasimama Fergus katikati, mama yake upande mmoja. Upande wa pili alitakiwa kusimama baba yake Fergus, lakini pai ilikuwa imemzidi nguvu na alikuwa chooni. Bi Tulloch akatazama huku na huku, akaninyooshea kidole.

"Wewe mama wa gauni la kijani. Unajua hii ngoma?"

"Najua kuliko nilivyotaka," nikamwambia, nikaingia.

Uso wa Wattie ulikuwa mweupe kama kola yake. Midomo ameibana. Mjomba naye alikuwa ameshasimama ukutani, glasi mkononi, tayari kuitwa. Nikamwona Morven akimwangalia mjomba, halafu akamwangalia baba yake.

Kodiani ikaanza. Tukashikana mikono sote sita, tukazunguka kwa mwendo wa saa, na Wattie alipendeza, mgongo umenyooka, miguu myepesi. Hata Bi Tulloch alitikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Alikuwa anakwenda Partick, Kelvinhall, Hillhead, nyumbani kwake kabisa. Halafu muziki ukaleta ile sehemu ya kugeuka.

Nilimwona moyo ukimkatalia. Niko mbele yake, namwona macho. Midomo ilikuwa imefungwa na ndani hakukuwa na kituo hata kimoja, kodiani ilikuwa imevifagia vyote. Bega lake likaanza kuvuta kwa mwendo wa saa, na mkono wa Rhona ukaanza kuvutika, na nyuma yao palikuwa na meza ya keki yenye ghorofa nne.

Sikufikiri. Nikatumia sauti yangu ya kazini.

"Treni inaondoka Govan. Kituo kinachofuata, Ibrox."

Bi Tulloch akanigeukia, shingo nzima. Wattie akashtuka kama mtu aliyeamshwa kituo kimoja kabla ya chake. Mguu ukageuka.

"Cessnock," nikaendelea. "Kinning Park. Shields Road."

Na akaenda. Kinyume cha saa, pamoja na sisi, mpaka mahali pake. Morven alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Watu wa meza za karibu wameacha kula. Niliona aibu kwa niaba yake na sikuona aibu kwa niaba yangu, maana keki ilikuwa imesimama.

Lakini ngoma hii ina jambo moja ambalo nilikuwa nimelisahau, na fagio hazikunikumbusha. Sita mkishamaliza, hambaki pamoja. Watatu wanainua mikono juu, watatu wanapita chini yake, na kila kundi linakwenda mbele kukutana na kundi jingine. Nusu ya ukumbi inazunguka upande huu, nusu ya pili upande ule. Wattie akainua mikono, sisi tukapita chini, na mimi nikajikuta nakwenda zangu huku na yeye anakwenda zake kule, kama kazini.

Nikatazamana na watu nisiowajua. Tukaanza kuzunguka. Shingo yangu ilikuwa nyuma yote, nikamkanyaga Fergus, sikumwomba radhi. Mwendo wa saa unakwisha, kugeuka kunakuja, na mimi niko mbali, sauti yangu ndani ya kodiani haifiki. Nikamwona Wattie kwa nyuma. Nikaliona bega.

Ndipo nikasikia sauti ya msichana, ya ujeuri, ya juu kabisa, ile ya mtoto anayegoma kulala.

"Govan, baba. Ibrox. Cessnock."

Alikuwa Morven. Alikuwa amemgeukia baba yake, taji la maua limekaa upande, anamtajia usoni kabisa, mbele ya Edinburgh yote. "Kinning Park," akasema. "Shields Road. West Street. Usizibe masikio, baba, twende." Na baba mtu akageuka. Alikuwa analia waziwazi na anakanyaga sawasawa.

Zamu iliyofuata Morven hakutaja peke yake. Rhona alitaja. Watatu waliokuwa mbele yao walitaja. Mtu wa Glasgow akisikia vituo vinatajwa hawezi kunyamaza, ni lazima asaidie au asahihishe, na baada ya mizunguko miwili ukumbi mzima ulikuwa unaimba vituo vya Duara la Ndani kwa mapigo ya kodiani, hata mjomba ukutani, hata baba yake Fergus aliyetoka chooni akidhani amekosea ukumbi. Kule meza za nyuma walikuwa wanagombana kama Bridge Street imerukwa au la.

"Hawa wanasema nini?" Bi Tulloch akaniuliza, tumeshikana mikono, tunazunguka.

"Vituo vya treni."

"Kwa nini?"

"Ili wafike."

Akafikiri. Tukageuka kinyume cha saa. "St Enoch," Bi Tulloch akasema, kwa sauti ndogo, shingo imenyooka. "Zamu iliyopita waliitaja, sasa wameisahau."

Na kwa kuwa tulikuwa tunazunguka ukumbi sisi upande huu na wao upande ule, ilikuwa lazima tukutane tena mahali. Tulikutana upande wa pili, karibu na makoti. Rhona anatweta, Morven amepoteza kiatu kimoja, na katikati yao Wattie, uso umeloa, amewashika mikono wote wawili na hana nia ya kumwachia yeyote. Hakuwa na kofia, wala mkono wa kuigongea. Basi akauinua mkono wa Morven ukiwa ndani ya wake, akajigonga nao kwenye paji la uso, mara mbili.

Nikamtolea ulimi, mbele ya Bi Tulloch, mpaka mwisho.